Fundi Philemoni Ndekirwa Uronu na Majina Ishirini na Matatu

Philemoni Ndekirwa Uronu, ambaye Arusha ilimwita Fundi tu, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1946 huko Masama, Kilimanjaro, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa marehemu Mzee Ndekirwa Uronu na marehemu Mama Eliakunda. Alibatizwa Jumapili ya Pasaka ya mwaka huohuo. Walimfuata dada wawili, Tabea na Ndeshi, na mwaka 1958 akazaliwa mdogo wao wa mwisho, wa kiume.

Wasifu huu ni mrefu kuliko ilivyo desturi. Marehemu aliagiza uwe hivyo, na aliagiza usomwe wote hata jua likiwa kali. Alisema mwenye haraka avumilie, maana yeye aliwahi kusubiri zaidi.

Mwaka 1950 homa iliingia katika nyumba nyingi za Masama. Ilipotoka nyumbani kwa Mzee Ndekirwa ilikuwa imechukua mguu wa kushoto wa Philemoni wote na nusu ya nguvu za mguu wa kulia. Baba yake alikata mti wa mringaringa akamchongea magongo mawili, na kila mwaka mtoto aliporefuka alichonga mengine. Magongo hayo ndiyo aliyoyashika mdogo wake alipokuwa akijifunza kusimama. Mama Eliakunda alipenda kusimulia jinsi kaka mkubwa alivyosimama katikati ya ua bila kutikisika, jasho likimtoka, ili mtoto mdogo apate kitu cha kushikilia. Mdogo wake alipata kutembea. Akatembea vizuri sana, na baadaye akaenda mbali.

Philemoni alianza Shule ya Msingi mwaka 1955 akiwa na miaka tisa. Miaka mitatu ya kwanza mama yake alimbeba mgongoni, kwa sababu njia ya shule ilikuwa ya utelezi na ilivuka mfereji mara mbili. Wakati wa michezo mwalimu alimpa filimbi na saa, akamweka kivulini awe mtunza muda. Siku moja mpira ulikuwa haujafika hata dakika ya kumi, Philemoni akapiga filimbi ndefu ya kumaliza. Wachezaji wakasimama wakishangaa.

"Philemoni, dakika zimekwisha?" mwalimu aliuliza.

"Zao bado, mwalimu. Zangu za kukaa ndizo zimekwisha."

Mwalimu alicheka mpaka akashika mti. Kisha akamweka golini, akiwa amekaa chini, magongo yake yakiwa nguzo. Siku hiyo walifungwa mabao manne, na Philemoni aliyakumbuka mabao hayo manne kwa furaha hadi mwisho wa maisha yake, kwa sababu yalifungwa yeye akiwemo.

Mwaka 1964 alijiunga na shule ya ufundi ya misheni mjini Moshi akajifunza kuchomelea vyuma. Mwaka 1968 aliajiriwa Arusha, katika kiwanda cha umma kilichotengeneza matela na majembe. Alifanya kazi akiwa amekaa kwenye kigoda cha chuma alichojitengenezea mwenyewe, na mafundi kumi na wawili walipita mikononi mwake. Kwa kazi hiyo alimsomesha mdogo wake sekondari, kisha chuo huko Nairobi, mpaka mdogo akajua Kiingereza cha kuota nacho. Fundi mwenyewe Kiingereza hakukijua. Alisema kimoja kinatosha nyumbani.

Tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa na Anande, binti wa Old Moshi, ambaye leo ni mjane wake. Haikuwa rahisi. Baba yake Anande alimwita binti akamwuliza, "Mwanangu, siku ukiugua, huyu atakubebaje?"

"Baba, mimi ninatafuta mume. Sitafuti punda," Anande alijibu.

Kwenye karamu, muziki ulipoanza, bwana harusi aliwaomba wageni wote wavute viti wacheze wakiwa wamekaa. Wazee walinung'unika kidogo, kisha wakavuta viti. Wapo waliosema kwamba hawakuwahi kucheka namna ile kwenye harusi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Elihuruma, Elifuraha na Hope.

Mwaka 1992 viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa, na kile cha Fundi kilikuwa katika foleni. Kabla ya mnunuzi kufika, wafanyakazi walipunguzwa. Barua ya tarehe 30 Juni ilisema wanaoanza kuondoka ni wale wasio na uwezo kamili wa kazi, na jina la kwanza lilikuwa la mtu aliyewafundisha kazi nusu ya waliobaki. Aliyeandika orodha ile alikuwa na miguu miwili na alifika kazini akiwa amechelewa kila Jumatatu. Marehemu aliomba hilo liandikwe. Mnunuzi naye alipofika aliuza mashine kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na Fundi akaenda akaichukua moja, ileile aliyoifanyia kazi, akafungua karakana Sokon I.

Chuma cha kwanza alichokiunga pale kilikuwa baiskeli yake ya magurudumu matatu. Cha pili kilikuwa kiti cha Nkasiogi, muuza nyanya wa sokoni, ambaye lori lilimkata miguu yote miwili mwaka 1989 na tangu hapo alikuwa akijiburuta juu ya kipande cha gunia. Siku alipokabidhiwa kiti hakwenda sokoni. Alikwenda mtelemkoni akashindana mbio na watoto wa shule, na kwenye kona ya kwanza kiti kikapinduka.

"Fundi," alisema akiwa bado chini, vumbi mdomoni, "hiki ni kiti au ni mtego?"

Fundi hakulala na swali hilo bure. Kesho yake alikwenda Moshono kwa rafiki yake Mzee Loishiye, akakaa asubuhi nzima akiwatazama mbuzi wa mzee huyo wanavyosimama kwenye mteremko. Mbuzi hutanua miguu kwa chini. Alirudi karakana akayalaza magurudumu ya Nkasiogi yawe yametanuka chini na kukaribiana juu, na kiti hakikupinduka tena. Watu waliosoma walimwambia baadaye kwamba huko nje viti vya michezo hutengenezwa hivyohivyo. Akasema basi na huko wana mbuzi.

Mzee Loishiye alikuwa na kijana wake, Lemburis, aliyezaliwa haoni. Kwa miaka ishirini Lemburis alikaa mlangoni mwa nyumba ya mama yake. Fundi alifumua mpira, akauwekea vizibo vya soda ndani ya ngozi, akaushona. Alimpa. Lemburis aliutikisa sikioni, akautupa, akausikiliza unavyokwenda, akaufuata. Jioni ile Mzee Loishiye alitoa sehemu ya malisho yake iwe uwanja, kwa sharti moja, kwamba asubuhi mbuzi wake wapite kwanza.

Ndivyo Kikundi cha Michezo cha Tusikae kilivyoanza, Mei 1993. Nkasiogi ndiye aliyelipinga jina hilo. "Tusikae, na sisi sote tumekaa," alisema, wakacheka, na jina likabaki. Majirani walishindilia udongo miezi miwili mpaka ukawa mgumu wa kupita magurudumu. Sheria ya uwanja ilikuwa moja, na Fundi aliichomelea kwenye bati la lango: anayetembea akitaka kucheza, akae. Vijana wa Moshono walipanga foleni kusubiri viti, na waliotaka kudaka mpira wa Lemburis walifungwa kitambaa machoni. Alhamisi zilikuwa za wazee waliopooza upande mmoja na za kina mama waliokuwa na watoto wasioweza kusimama. Pale hawakuitwa wagonjwa. Ukipita lango ulikuwa mchezaji, hata kama mchezo wako ulikuwa kuinua mkono mmoja mpaka usawa wa bega.

Kufikia mwaka 1998 wachezaji ishirini na watatu walikuwa wamegeuka walimu. Nkasiogi alifundisha kugeuza kiti kwa kasi. Lemburis alifundisha watu wanaoona kusikiliza. Wengine walizunguka nyumba kwa nyumba, Moshono, Engutoto mpaka juu karibu na msitu wa Meru, wakiomba watoto waliofichwa vyumbani watolewe nje. Walifukuzwa na mbwa, wakarudi. Hapakuwa na mhudumu na mhudumiwa. Walihudumiana. Fundi alisema kama kuna kitu kimoja cha kweli alichokitengeneza kwa mikono yake, basi ni hicho, wala hakikuwa cha chuma.

Sasa wasifu unafika mahali ambapo wengi hapa walikuwa wakisubiri, na mmoja alikuwa akiomba usifike.

Miaka ile asasi zilikuwa zinaota kama uyoga baada ya masika. Mdogo wake marehemu alikuwa amerudi Arusha, alikuwa na asasi yake mjini, ofisi, na mashine ya kupokea faksi. Umoja mmoja wa wafadhili kutoka nje ulitangaza tuzo ya huduma zinazowaingiza watu wenye ulemavu katika michezo na kuwapa maisha ya kujishughulisha. Jumapili moja baada ya ibada mdogo mtu alifika Moshono na fomu ya Kiingereza. Fundi alikuwa ameandika kwa mkono wake majina ishirini na matatu, kila jina na kazi yake. Akampa.

"Haya yaingie yote," alisema. "Mimi niweke mwisho."

"Sawa, kaka. Weka sahihi hapa chini."

"Umeyaona majina?"

"Kaka, mimi ni nani nisiyaone? Weka sahihi, posta inafungwa kesho mapema."

Fundi alitia sahihi kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, kwa sababu aliyeileta alikuwa amejifunza kutembea kwa magongo yake. Hilo ndilo kosa pekee ambalo marehemu alilikiri juu ya jambo hili.

Sherehe ilifanyika Ijumaa tarehe 4 Desemba 1998 katika hoteli moja mjini, ukumbi wa ghorofa ya pili. Hoteli haikuwa na lifti. Timu ilifika saa tatu asubuhi, jezi zimepigwa pasi ya mkaa, ikaambiwa isubiri kwenye maegesho ya magari. Tuzo ya watu wa magurudumu ilikuwa juu ya ngazi. Lemburis, aliyekuwa na miguu mizima, alipanda akizihesabu, kisha akashuka.

"Ngazi thelathini na mbili," aliwaambia. "Juu kunanukia kuku."

"Basi tuzo ni ya kuku," alisema Nkasiogi.

Baadaye makofi yalitoka dirishani, marefu.

"Fundi, wanampigia nani?" Lemburis aliuliza.

"Wanatupigia sisi."

"Mbona tuko huku?"

Fundi alimwambia mkewe siku hiyo kwamba alikuwa na jibu, ila lilikuwa la ndugu yake kulitoa.

Mdogo mtu alishuka na ngao ya shaba mikononi, akiwa na mpiga picha. Akawapanga nyuma yake. Wiki ile gazeti liliandika chini ya picha kwamba huyu ndiye mwanzilishi wa huduma, akiwa pamoja na baadhi ya watu anaowahudumia. Nkasiogi alisomewa pale sokoni. Alipanga nyanya zake upya zote, kisha akasema, "Mimi huyu mtu hajawahi hata kunisukuma kiti."

Ile fomu haikuwa na jina hata moja kati ya ishirini na matatu. Katika nafasi ya mtoa huduma lilikuwepo jina la mdogo mtu na asasi yake. Timu ilitajwa kwa idadi, kama mbuzi wanavyotajwa. Ngao ikatundikwa ofisini mjini. Mwaka uliofuata wafadhili wakaleta kontena la viti arobaini vya michezo kwa mtu waliyemjua, na viti hivyo vikafungiwa katika stoo ya Engutoto vikisubiri wageni wa kupigwa nao picha. Nkasiogi na wenzake waliendelea kuunga mabomba yaliyokatika ya viti vyao.

Fundi hakuidai ngao. Hakuvidai viti. Alimwendea mdogo wake ofisini, akaketi sebuleni kwa karani kwa saa mbili, na alipoingizwa aliomba kitu kimoja: aje uwanjani Jumamosi, mbele ya watu, ayasome majina yale, aseme ndio wenye huduma.

"Kaka," mdogo wake alimjibu, "majina hayo hayamwambii mfadhili kitu. Ningeyaweka tungekosa wote. Wewe unajua chuma, mimi najua watu."

"Unajua watu wa juu ya ngazi."

"Haya basi, nimekosa. Yaishe."

"Hayaishii hapa mezani," Fundi alisema, akachukua magongo yake.

Kwa miaka mitano aliuliza swali hilohilo kila walipokutana, kwenye misiba, kwenye ubarikio wa watoto, kwenye mlango wa kanisa. Hakupandisha sauti. Aliuliza, "Utakuja lini uwanjani?" akasubiri jibu. Watu walianza kumwonea huruma mdogo mtu. Marehemu hakumwonea, na hakuona aibu kwa hilo. Kila Jumamosi kabla ya mchezo aliyasoma majina ishirini na matatu mwenyewe, kwa sauti, ili yasizoee kukosekana.

Mwaka 2001 alianza kukohoa. Madaktari wa Moshi walisema moshi wa kuchomelea wa miaka thelathini na zaidi umekaa kifuani. Aliambiwa aache karakana akaiacha. Aliambiwa aache uwanja akawaambia hilo si lao. Oktoba 2003 alilazwa kwa wiki tatu.

Jumanne tarehe 4 Novemba, saa ya kuwaona wagonjwa, mdogo wake alifika wodini na jani la sale mfukoni mwa koti. Kwa ndugu zetu Waarusha waliopo hapa, sale ni mmea tunaoupanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na kwenye makaburi. Mchaga aliyekukosea akikujia na jani lake, humkatai. Anayelikataa sale, kosa linahamia kwake. Mdogo mtu alilijua hilo, na alijua pia kwamba kaka yake anakufa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nimeleta sale."

Fundi alilitazama, mikono ikiwa juu ya blanketi.

"Silikatai," alisema. "Lakini uliponikosea palikuwa na watu. Jumamosi saa nne njoo nalo uwanjani. Utasema majina ishirini na matatu, nami nitalipokea kwa mikono miwili."

"Kaka, unataka kunidhalilisha."

"Ndiyo."

Mjane wake alikuwepo, akiwa ameshika kikombe cha uji, na anashuhudia kwamba neno hilo lilisemwa kwa upole sana.

Alhamisi aliomba ruhusa ya kutoka hospitali. Jumamosi tarehe 8 Novemba aliletwa uwanjani, akafunikwa blanketi mbili, akakalishwa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu akielekea lango. Timu yote ilikuwa imevaa jezi. Mzee Loishiye aliwazuia mbuzi wasipite siku hiyo. Saa nne ikafika, ikapita. Saa sita lilikuja gari lenye gunia la mchele na kreti nne za soda. Dereva hakuzima injini.

"Bosi amesema mle," alisema. "Ana mgeni kutoka nje."

"Mwambie bosi tumeshiba," alisema Lemburis.

"Soda ziteremsheni, watoto hawana kosa," Fundi alisema. "Mchele urudi."

Alisubiri mpaka saa tisa alasiri. Hakuna aliyecheza. Nkasiogi alisogeza kiti chake mbele ili kivuli chake kimwangukie usoni, na jua lilipohama naye akahama. Saa tisa Fundi alimwambia mkewe, "Mama Elihuruma, toa kalamu."

Alitoa maagizo matatu. La kwanza, asizikwe Masama, azikwe hapa Moshono karibu na uwanja. La pili, majina ishirini na matatu yachapwe katika kitabu cha ibada ya mazishi yake, kwa herufi za ukubwa uleule wa jina lake. La tatu, jina la mdogo wake lisiandikwe wala kusomwa mahali popote. Aliyeondoa majina ya wenzake akaona ni jambo dogo, alisema, naye aone udogo wake.

Anande aliandika mawili, la tatu akasita. "Baba Elihuruma, Mchungaji atasemaje? Tumefundishwa sabini mara saba."

"Sabini mara saba kwa anayekuja kuomba," alisema. "Huyu nimemsubiri mara moja tu. Hakuja."

Philemoni Ndekirwa Uronu alifariki dunia nyumbani kwake Moshono Alhamisi tarehe 20 Novemba 2003, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Jumamosi ukoo ulikaa. Mdogo wake alisimama akasema ni aibu kwa Mchaga kuzikwa kwenye kiwanja cha kununua wakati kihamba cha baba kipo, na kwamba yeye angegharamia safari yote.

"Shemeji," Anande alimwuliza, "kutoka barabarani mpaka kihambani kuna ngazi ngapi za mawe?"

"Shemeji, kwani maiti hupanda kwa miguu? Maiti hubebwa."

"Maiti hubebwa. Na Nkasiogi atabebwa na nani? Au na siku hii watasubiri chini?"

Dada wa marehemu, Tabea, alisema udongo wa kihambani uletwe, na umeletwa, uko kwenye kikapu miguuni pa jeneza. Ndiyo maana tuko hapa leo, mahali tambarare, na ndiyo maana waliokaa kwenye magurudumu wako safu ya mbele.

Wapo wanaonong'ona kwamba Fundi alikufa bila kusamehe. Familia imeagizwa kuwajibu. Alikufa akisubiri kuombwa. Haki ya kupokea lile sale hakuondoka nayo kaburini wala hakumwachia mjane au watoto, kwa kuwa kosa halikuwa la nyumba hii. Aliwaachia wale ishirini na watatu. Wakilipokea, familia nayo imepokea. Wasipolipokea, familia haitawaombea watu radhi. Sisi ndugu wa damu hatuna neno la kuongeza mbele yao, wala hatuna la kupunguza. Mazoezi yanaendelea Jumamosi saa nne, kama kawaida.

Marehemu ameacha mjane, Anande; watoto watatu, Elihuruma, Elifuraha na Hope; wajukuu wanne; dada wawili, Tabea na Ndeshi; rafiki yake Mzee Loishiye; na walimu wa Tusikae ishirini na watatu, wakiongozwa na Nkasiogi na Lemburis, ambao majina yao yote yako ukurasa wa nne na yatasomwa sasa hivi, moja moja, kabla ya shada la kwanza kuwekwa. Orodha hii mjane ameipitia mara mbili kabla haijakwenda kwa mpiga chapa. Hakuna aliyesahaulika.

Bwana amlaze Fundi Philemoni mahali pa amani, na amani hiyo aipate yeye.